Andika kilichochapwa kwenye lebo: kanuni za katalogi ya muziki wa Katanga

Tangu kanuni za pamoja za katalogi ya muziki wa Katanga zianze kutumika, malalamiko yanayofika katika kitengo chetu cha nyaraka za sauti yameongezeka. Mengi yanaletwa na watu wenye nia njema: watoto wa wanamuziki, wakusanyaji wa sahani za zamani wa komini za Lubumbashi kama Kamalondo na Katuba, wasimamizi wa korale, wapiga gitaa ambao bado wako kazini. Wanakuta fishi waliyoiandika, yaani kadi ya maelezo ya sahani au wimbo, imebadilishwa, imeunganishwa na nyingine au imerudishwa, nao wanadhani kuna mtu anayewachukia. Hakuna. Kuna kanuni, na zilipitishwa kwa kura ya wachangiaji wenyewe. Kazi ya kitengo ni kuzisimamia tu.

Katalogi hii inajazwa na yeyote anayetaka, na ndiyo nguvu yake. Lakini watu wawili walioshika sahani ileile, mmoja komini ya Kenya na mwingine Kampemba, zote za Lubumbashi, wanapaswa kuandika fishi ileile bila kupigiana simu. Wasipofanya hivyo tunapata fishi mbili, kesho tatu, na mwanafunzi anayetafuta anaamini kuna nyimbo tatu wakati wimbo ni mmoja. Kanuni zote nitakazozieleza zinatoka hapo.

Wengine wamepita njia hii kabla yetu. Discogs na MusicBrainz, hifadhidata mbili kubwa za muziki zinazojazwa na watu wa kujitolea, zilianza zote mwaka 2000. Discogs inaanzia kwenye kitu ulichokishika mkononi, iwe sahani, kaseti au CD. MusicBrainz inatenganisha utunzi, rekodi na toleo, na kila kimoja kina namba yake. Sisi tumechukua ukali wa Discogs kuhusu lebo, na mpangilio tumeuchukua MusicBrainz.

Kanuni inayozaa malalamiko mengi kuliko zote ni ya majina. Sehemu ya fishi inayoitwa "jina kwenye lebo" hujazwa herufi kwa herufi kama lebo ilivyochapwa. Usiandike unavyojua wewe, wala kama mzee mwenyewe alivyopenda kuitwa nyumbani. Mchukue mpiga gitaa Mwenda wa Bunkeya. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, na sauti hizo zikatoka kwenye sahani za kampuni ya Gallotone. Ukikusanya sahani na majalada yake ya miaka yote utamkuta kama Mwenda Jean Bosco, Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke. Mtu ni mmoja. Kila toleo linabaki na jina lililochapwa juu yake, na matoleo yote yanafungwa kwenye "jina la kudumu" moja, ambalo ndilo linaloonekana kichwani mwa ukurasa wa msanii. Anayetafuta kwa jina lolote kati ya hayo anafika palepale.

Mwaka 1972 Zaire ilikataza majina ya Kikristo, na wanamuziki wengi wakatoka na majina mapya. François Luambo, yaani Franco, alijiita L'Okanga La Ndju Pene Luambo Makiadi. Ukifuata kumbukumbu yako badala ya lebo, utaandika jina la 1975 kwenye sahani ya 1958, na historia ya mtu huyo itakuwa imefutwa na mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana tunasimama imara hapa. Wanafamilia wanakuja wakiwa na uchungu: "Papa, juu ya nini mulitosha jina ya baba yetu?" Jina halijatolewa. Liko pale alipoliacha mchapishaji, na jina la kudumu liko juu yake. Jina la kudumu si heshima anayopewa mtu, wala si hukumu juu ya ukoo wake. Ni kamba ya kufungia fishi.

Tahajia ni vivyo hivyo. Lebo nyingi za zamani ziliandika Kiswahili kwa sikio la Kifaransa: "oua" mahali pa "wa", "tsh" mahali pa "ch". Msiisahihishe. Tahajia ya leo ina sehemu yake ya pili, kwa ajili ya utafutaji. Herufi kubwa katika vichwa vya nyimbo ni ya neno la kwanza na majina ya watu na mahali peke yake, hata kama jalada limeandika kila kitu kwa herufi kubwa. Hili lilipigiwa kura na limekwisha.

Miji nayo huandikwa kama ilivyochapwa: Elisabethville hadi lebo yenyewe iseme Lubumbashi, jina lililokuja mwaka 1966, na Jadotville kabla ya Likasi. Mgogoro ulitokea kwenye sehemu ya nchi. Katanga ilitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na hali hiyo ikaisha Januari 1963. Kuna fishi za sahani za miaka hiyo ambazo wachangiaji walikuwa wakibadilishana asubuhi na jioni, mmoja akiandika Kongo na mwingine akiandika Katanga. Uamuzi ni huu: kama lebo haikutaja nchi, sehemu ya nchi inaachwa wazi na mji unatosha. Katalogi haitambui serikali wala haiifuti. Nimelisema hilo mikutanoni, nalisema hapa, na anayetaka kuendeleza vita hivyo aende akavipigane mahali pengine.

Tarehe ikikosekana, acha wazi. "Inasikika kama ya miaka ya sitini" si chanzo. Wachangiaji wanasahau kwamba sahani yenyewe ina ushahidi zaidi ya karatasi yake. Kwenye sahani za mizunguko 78 kwa dakika lebo mara nyingi imechakaa, imekwaruzwa au imebandikwa stika ya duka. Lakini kati ya mfereji wa mwisho na lebo kuna ukanda mtupu, na hapo kiwandani walichora namba. Iweke sahani kwenye kitambaa laini, taa iwe ya pembeni na ya chini, kisha izungushe polepole hadi herufi zijitokeze kwa kivuli. Usipake chaki, usilowanishe, usisugue kwa kidole. Sahani hizo zimetengenezwa kwa shellac, aina ya gundi ngumu, na zinavunjika kama kigae. Kila upande una namba yake. Andika zote mbili, pamoja na vistari na herufi za mwishoni, maana herufi hiyo mara nyingi ndiyo inayotofautisha mara ya kwanza wimbo ulipopigwa na mara ya pili. Kwa hiyo sahani mbili zenye lebo moja na namba moja ya duka zinaweza kubeba uimbaji tofauti. Hapo ndipo tunapopata mambo ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika, na ndiyo kazi tunayoitamani kutoka kwenu kuliko mabishano ya majina.

Kuhusu utunzi, rekodi na toleo sitarefusha. "Masanga" ya Mwenda ni utunzi mmoja. Sauti aliyoinasa Tracey mwaka 1952 ni rekodi moja. Kila mara Mwenda alipoupiga tena mbele ya mashine nyingine, hiyo ni rekodi nyingine. Rekodi ileile ya 1952 ikitolewa kwenye sahani, baadaye kwenye CD, hayo ni matoleo mawili. Usifungue utunzi mpya kwa kuwa umepata CD mpya.

Lakini ISRC, namba ya kimataifa ya kutambulisha rekodi, inahitaji maelezo, kwa sababu inasomwa vibaya kila siku. Ina herufi na tarakimu 12: tano za mwanzo ni za aliyesajili (zamani mbili za kwanza kati ya hizo zilikuwa za nchi), mbili za mwaka, tano za mfululizo. Ni ya rekodi, si ya CD. CD ina msimbo wake wa mistari, kwa kawaida wa tarakimu 13. Na zile mbili za mwaka zinaonyesha mwaka namba ilipotolewa. Mfumo huu ni wa mwaka 1986. Wimbo wa 1955 uliowekwa kwenye CD mwaka 2003 unaweza kuwa na "03" ndani ya namba yake. Tumerudisha fishi nyingi ambamo mchangiaji alifuta mwaka sahihi wa kurekodiwa na kuweka huo. Msome namba, msiiulize jambo isilolijua.

Sasa mabanga, yaani majina ya watu yanayotajwa kwa sifa ndani ya wimbo. Mtu anayetajwa ndani ya wimbo, awe mfanyabiashara, mchezaji wa mpira au mheshimiwa, hata kama jina lake linarudiwa mara kumi na hata kama alilipia, hakuimba. Haingii kwenye sehemu ya wasanii. Kuna sehemu ya "majina yanayotajwa", na hapo anakaribishwa. Watafiti watatushukuru siku moja kwa orodha hizo, maana mabanga yanaeleza nani alikuwa na fedha na nani alimfuata nani. Atalaku, yule anayepaza sauti kuchangamsha dansi, ni jambo lingine. Yeye anafanya kazi ya muziki, hivyo anaandikwa kama mshiriki, kazi yake ikitajwa kuwa atalaku. Tumepokea barua kali kutoka kwa watu wanaoona wamevunjiwa heshima kwa kuhamishwa sehemu. Jibu litabaki lilelile, barua iwe na muhuri au isiwe nao.

Orkesta iliyobadili jina inabaki moja: OK Jazz ya 1956 na TPOK Jazz ni ukurasa mmoja wenye majina mawili. Orkesta iliyogawanyika inazaa kurasa mpya: Wenge Musica ilipopasuka mwaka 1997, Wenge Musica Maison Mère na Wenge BCBG kila moja ilipata ukurasa wake, zikiunganishwa na ya mwanzo. Nani alikuwa na haki ya kubaki na jina, katalogi haiulizi.

Utaratibu wa mabadiliko ni kama ifuatavyo, na ninaomba usomwe wote. Kuongeza picha ya lebo, namba ya ukanda mtupu au ISRC kunaingia mara moja. Kuunganisha fishi mbili, kufuta fishi, au kubadili jina la kudumu kunasubiri siku 7 za kura. Kura tatu za ndiyo bila ya hapana hata moja zinafunga suala kabla ya muda. Kura ya hapana lazima iambatane na sababu na, inapowezekana, picha. Kura ya hapana isiyo na sababu haihesabiwi. Ikiwapo hapana moja yenye sababu, pendekezo linarudi kwa aliyelileta kwa siku 7 nyingine ili ajibu. Asipojibu, linaanguka. Linaweza kuletwa tena likiwa na ushahidi mpya, na maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi hayahesabiki kuwa ushahidi.

Anayevunja kanuni mara ya kwanza anaandikiwa ujumbe wa kumkumbusha. Mara ya pili ni onyo la maandishi linaloonekana na wachangiaji wote. Mara ya tatu, mabadiliko yake yote yanapita kwenye ukaguzi kwa siku 30. Mara ya nne anapoteza haki ya kupiga kura kwa siku 90, ingawa anaweza kuendelea kuongeza picha. Anayefungua akaunti ya pili ili ajipigie kura anafungiwa zote mbili bila onyo. Rufaa zinapelekwa kwa kamati ya wachangiaji; kitengo chetu hakina kura ndani yake na hakitaombwa kuingilia. Kuleta mtu mkubwa ofisini kwetu hakubadilishi hesabu ya kura.

Jambo moja lazima lisemwe wazi, kwa kuwa limekuwa chanzo cha ugomvi ndani ya familia. Katalogi si hati ya haki. Kuandikwa humo kama mtunzi hakukupi senti moja, na kutoandikwa hakukunyang'anyi. Haki za mtunzi zinasimamiwa na Sheria-Amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na shirika la kukusanya na kugawa malipo ni SOCODA. Huko ndiko pa kwenda, mkiwa na hati zenu. Fishi yetu inasema tu kwamba lebo hii ilichapa jina hili. Maelezo haya nayo si ushauri wa sheria. Mwenye shauri amwone wakili. Na tafadhali msitupakie sauti zenyewe. Katalogi inapokea habari za nyimbo, na faili la wimbo likiingia linafutwa siku hiyohiyo.

Wanamuziki walio hai wanaweza kuomba tarehe kamili ya kuzaliwa iondolewe, ukabaki mwaka peke yake. Ombi hilo halipigiwi kura.

Limebaki suala la kaseti, ambalo bado halijaamuliwa. Kaseti nyingi zilizouzwa hapa sokoni zilinakiliwa kutoka nyingine: jalada linaorodhesha nyimbo nane kwa mpangilio mmoja, ndani zinasikika saba kwa mpangilio tofauti, na ya mwisho imekatwa katikati. Kundi moja linataka tuandike jalada lilivyo. Kundi la pili linataka kinachosikika. Mimi naunga mkono kuandika jalada kwanza, kisha kinachosikika kwenye sehemu ya pili, pamoja na dakika na sekunde za kila wimbo, kwa sababu kaseti iliyonakiliwa nayo ilisikilizwa na watu na ina historia yake. Mwenye hoja tofauti ailete kwa maandishi kabla ya kura, ikiwa na picha za jalada pande zote mbili na za kaseti yenyewe, upande A na upande B. Picha zisizosomeka zitarudishwa.