Utambuzi wa Picha katika Biashara: Somo Kutoka Mashamba ya Muhogo ya Bagamoyo

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walioshirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA) walichapisha matokeo ya kazi iliyotegemea picha 2,756 za majani ya muhogo. Picha hizo zilipigwa kwa kamera ya kawaida ya dukani katika mashamba ya majaribio nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, kisha zikatumika kuifundisha kompyuta kutofautisha jani lenye afya na jani lenye batobato, michirizi ya kahawia, madoa ya kahawia au madhara ya utitiri. Ilipopewa picha ambazo haikuwahi kuziona, kompyuta ilipatia kwa asilimia 93. Juhudi hizo ndizo zilizozaa Nuru, programu ya simu janja inayomsaidia mkulima kuutambua ugonjwa akiwa shambani, hata pasipo intaneti. Tunaanza na mfano huu kwa sababu wafanyabiashara wengi wa ukanda wetu huichukulia teknolojia ya utambuzi wa picha kuwa jambo la viwanda vya ng'ambo, ilhali moja ya kazi zake zinazojulikana sana ilitokana na majani yaliyoota kwenye udongo wa hapa.

Kompyuta hailioni jani kama tunavyoliona sisi. Inachopokea ni tarakimu za rangi za kila nukta ya picha, na hujifunza kwa kuoneshwa mifano mingi iliyokwisha kutajwa majina na mtu, mathalani "jani lenye afya" au "jani lenye batobato", ikijirekebisha kila inapokosea mpaka majibu yake yakaribiane na yale ya mwalimu wake. Hatua kubwa ilipigwa mwaka 2012, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliposhinda shindano la ImageNet, la programu za kutambua vilivyomo kwenye picha, kwa kiwango cha makosa cha asilimia 15.3, wakati aliyewafuata alikuwa na asilimia 26.2. Programu yao ilifundishwa kwa picha zipatazo milioni 1.2. Mfanyabiashara asitishwe na idadi hiyo. Watafiti wa muhogo hawakuanzia sifuri: walichukua programu iliyokwisha kufundishwa kwa picha za ImageNet, wakaiongezea somo la muhogo tu, na njia hiyo iko wazi pia kwa mwenye ghala dogo.

Tuchukue mananasi ya Kiwangwa, wilayani Bagamoyo. Nanasi huanza kugeuka manjano kitakoni, rangi ikapanda taratibu kuelekea kwenye taji, na mnunuzi anayesafirisha mzigo mbali hulitaka lingali kijani kwa sehemu kubwa, wakati wa kiwanda cha juisi hulitaka limeiva. Leo uamuzi huo hufanywa kwa macho, na macho ya mpangaji aliyesimama tangu alfajiri si yale yale ifikapo saa tisa alasiri. Kamera iliyofungwa juu ya meza ya kupangia, yenye kivuli na taa isiyobadilika, inaweza kukadiria ni sehemu gani ya tunda imegeuka rangi na kupima ukubwa wake kwa kulinganisha na alama ya urefu unaojulikana iliyochorwa mezani. Kamba wa baharini nao, ambao bei yao hufuata ukubwa, wanaweza kupangwa kwa namna hiyo hiyo. Ofisini, programu zinazosoma maandishi kwenye picha za risiti na hati za mizigo zimekwisha kuwa za kawaida, na huenda hapo ndipo pa kuanzia kwa gharama ndogo kuliko pengine popote.

Hata hivyo asilimia 93 ya kwenye majaribio haihamii kazini jinsi ilivyo. Mwaka 2019 watafiti wale wa muhogo walipoijaribu programu kwenye simu, katika mazingira halisi ya shamba, alama ya ufanisi ilishuka kwa asilimia 32 hata kwa majani yenye dalili zilizo dhahiri, hasa kwa kuwa programu iliyaacha majani mengi yenye ugonjwa yapite. Kwa mfanyabiashara hili ni jambo zito. Kulikataa nanasi zuri ni hasara ya tunda moja, lakini kulipitisha lililooza kunaweza kuharibu kreti nzima na kumpoteza mteja. Kwa hiyo, anayeuziwa mfumo asiridhike na asilimia moja ya jumla, bali adai kuambiwa ni mangapi mabovu yaliyopitishwa na ni mangapi mazuri yaliyokataliwa.

Tahadhari iongezwe maradufu pale kamera inapoelekezwa kwa watu, mathalani katika mahudhurio ya wafanyakazi. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulionesha kuwa programu zilizouzwa kwa ajili ya kutambua jinsia kutokana na sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, huku kwa wanaume weupe makosa yakiwa hayazidi asilimia 0.8. Sijaona hoja ya kumkata kibarua ujira kwa sababu mashine haikumtambua. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili katika Tume husika na awaeleze wahusika sababu ya kuzikusanya.

Anayetaka kuanza achague swali moja tu linalojirudia kila siku, apige mamia kadhaa ya picha kwenye eneo lake mwenyewe, asubuhi na jioni, wakati wa jua na wa mawingu, kisha watu wawili wenye uzoefu wazitaje majina kila mmoja peke yake. Pale wanapotofautiana, wakubaliane kwanza wao, kwani mashine haiwezi kujifunza kipimo ambacho wenyewe hawajakubaliana. Picha za kuijaribia zitengwe mapema, zitoke kwenye mzigo wa siku nyingine na wa shamba jingine, vinginevyo programu itasifiwa kwa kuyatambua mananasi yale yale iliyofundishwa nayo.