Je, wajua kwa nini Warumi wa kale waliweka miungu wa nyumba karibu na jiko?

Pompeii, kusini mwa Italia, kuna nyumba iliyofukuliwa kati ya mwaka 1894 na 1896 inayojulikana kama Nyumba ya Vettii. Mlima Vesuvius uliifukia mwaka 79 BK, na ilipofukuliwa kuta zake nyingi zilikuwa bado na rangi zake. Mwaka 2023 ilifunguliwa tena kwa wageni baada ya ukarabati wa takriban miaka 20. Watu wengi huenda moja kwa moja kwenye vyumba vya karamu, na kweli vinapendeza. Lakini anayetaka kuielewa nyumba ya Kirumi aanzie upande wa watumishi, kwenye ukumbi mdogo ulio jirani na jiko, kwa sababu huko ndiko walikowekwa miungu wa nyumba.

Jambo hilo linashangaza. Wenye nyumba walikuwa matajiri, na walikuwa na kumbi pana za kumweka mungu yeyote waliyemtaka. Kwa nini basi madhabahu ikae pembeni, kwenye moshi na harufu ya vitunguu?

Tuingie kwanza kwa mlango wa mbele. Hapo mlangoni amechorwa Priapus, mungu wa rutuba, akipima uume wake kwenye mizani dhidi ya mfuko wa pesa. Mchoro huo ulikuwa kinga dhidi ya jicho la hasidi na tangazo la neema ya nyumba kwa pamoja. Ukiupita unaingia ukumbi mkubwa ambao paa lake limeachwa wazi katikati ili maji ya mvua yadondokee kwenye birika la chini. Kando ya ukumbi yalisimama makasha mawili makubwa ya fedha, na hayakufichwa: mgeni aliyetoka barabarani alipaswa kuyaona. Mbele zaidi kuna bustani iliyozungukwa na nguzo, yenye sanamu zilizotiririsha maji, na kuizunguka ni vyumba vya kulia vilivyochorwa visa vya Wagiriki: Hercules mchanga akiwakaba nyoka, Ixion akiadhibiwa kwenye gurudumu. Chumba kimoja kina mstari wa vitoto vyenye mabawa vinavyofanya kazi za watu wazima, vingine vikitengeneza manukato, vingine vikifua dhahabu, vingine vikiuza divai.

Majina ya wenye nyumba tunayapata kwenye mihuri ya shaba iliyookotwa humo: Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus. Inaaminika walikuwa watumwa walioachwa huru na bwana mmoja, wakafanya biashara, wakatajirika. Tuliweke akilini hilo, maana litatufaa baadaye.

Sasa tugeuke upande wa pili. Kutoka ukumbi mkubwa unaingia ukumbi mdogo, nao una birika lake la mvua, lakini hauna visa vya Wagiriki. Kuna ngazi iliyopanda vyumba vya juu, kuna vijumba vya watumishi, na kuna jiko lenye jukwaa la kujengwa ambapo moto uliwashwa. Wachimbaji walikuta vyungu vya shaba bado viko juu ya jukwaa hilo. Na ukutani, hatua chache tu kutoka motoni, ipo madhabahu.

Imeumbwa kama uso wa hekalu dogo: nguzo mbili pembeni, kipaa cha pembetatu juu, na ndani yake mchoro. Katikati amesimama mwanamume aliyejifunika kichwa kwa toga, vazi refu la heshima la Kirumi, yenye ukingo wa zambarau, kama Mrumi alivyofanya wakati wa ibada. Mkono mmoja una bakuli la kumiminia divai, mwingine una kikasha cha ubani. Huyu ni Genius, nguvu ya uhai ya bwana wa nyumba, ile inayomwezesha kuishi na kuendeleza kizazi. Kulia na kushoto kwake vijana wawili wenye kanzu fupi wamesimama kana kwamba wanacheza ngoma, kila mmoja ameinua pembe ya kunywea inayomwaga divai na ameshika kindoo kidogo. Hao ni Lares, walinzi wa nyumba na wote waliomo. Chini yao nyoka mkubwa mwenye ndevu na kishungi anajivuta kuelekea altare yenye yai. Nyoka wa aina hii wamejaa kwenye kuta za Pompeii. Walikuwa walinzi wa mahali penyewe, na kuonekana kwao ilikuwa baraka.

Jibu la swali letu linaanzia motoni. Kwa Mrumi, moto wa jikoni ulikuwa ndio njia ya kuwafikishia miungu wa nyumba chakula chao. Katika mlo mkuu, sehemu ya chakula ilitengwa na kutiwa motoni huku walaji wamekaa kimya, kisha kijana mtumishi alitangaza kwamba miungu wameridhia, ndipo mlo ukaendelea. Plinius Mzee, mwandishi aliyekufa katika mlipuko uleule wa Vesuvius, ameandika kuhusu desturi ya chakula kilichomponyoka mtu mkononi wakati wa kula: kilirudishwa mezani, hakikupulizwa wala kupanguswa, na kama fidia kilichomwa mbele ya Lar, yaani mmoja wa Lares. Nadhani kadesturi hako kanatufundisha mengi kuliko hekalu zima la Jupiter, mungu mkuu wa Warumi. Tonge lililoanguka sakafuni halikuwa takataka. Lilikuwa na mwenyewe.

Pamoja na Lares walikuwapo Penates, walinzi wa ghala la chakula. Nao pia mahali pao panaeleweka: karibu na mitungi, nafaka na mafuta. Sadaka zenyewe zilikuwa vitu vya jikoni: divai, ubani, vikeki vya asali, mashada ya maua, tini, mbegu za msonobari, mayai, mara nyingine jogoo. Mabaki ya sadaka za namna hiyo, yaliyogeuka makaa, yamepatikana Pompeii.

Lakini kuna sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi: jikoni ndiko walikokuwa watu. Familia ya Kirumi haikuwa baba, mama na watoto peke yao. Ilihesabu kila aliyekuwa chini ya mamlaka ya bwana, wakiwamo watumwa. Mtumwa hakuwa na baba wala babu mbele ya sheria. Kwa hiyo mizimu ya ukoo wa damu haikuwa yake. Lares walimpokea hata hivyo, kwa kuwa walilinda nyumba na wote walioishi ndani yake, bila kuuliza damu. Cato, aliyeandika kuhusu kilimo katika karne ya 2 KK, anamwagiza mwanamke msimamizi wa shamba, ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa, afagie kuzunguka jiko kila usiku kabla ya kulala. Siku tatu maalumu za mwezi na kila sikukuu ikifika, aliweka shada la maua jikoni na kumwomba Lar wa nyumba alete neema. Matambiko mengine hakuruhusiwa kuyafanya bila amri ya bwana au bibi yake, lakini hili la jikoni lilikuwa kazi yake.

Palepale Pompeii ipo nyumba ya hali ya kawaida kabisa, inayoitwa ya Sutoria Primigenia, ambako jambo hili limechorwa waziwazi. Ukuta wa jiko lake unaonyesha watu wa nyumba wakiwa kwenye ibada. Lares wawili wakubwa wamesimama pande mbili, na kati yao yupo bwana anayetoa sadaka kwenye altare, mkewe, mpiga zumari, na kundi la watu zaidi ya kumi waliojipanga kwa mistari, wamevaa mavazi meupe, kila mmoja mkono wa kulia umeegemezwa kifuani. Kando yao umechorwa mshikaki wa samaki aina ya mkunga, mapaja ya nguruwe na soseji. Aliyeagiza mchoro huo hakuona aibu kuchanganya ibada na nyama ya kutundikwa, kwa kuwa kwake vilikuwa kitu kimoja.

Si kila madhabahu ilikaa jikoni, tusije tukadanganyana. Nyumba ya Kupido wa Dhahabu ina mbili, zote kwenye bustani ya nguzo: moja ya miungu wa jadi wa Roma, nyingine kwenye kona imechorwa miungu wa Misri, Isis, Serapis, Harpocrates na Anubis mwenye kichwa cha mbwa. Nyumba ya mfanyabiashara wa fedha Lucius Caecilius Iucundus iliweka yake kwenye ukumbi wa mbele, ikapambwa kwa marumaru iliyochongwa tetemeko la ardhi la mwaka 62 BK, hekalu la Jupiter likiwa limeinama upande. Madhabahu kama hizo zilionwa na wageni, wateja na washirika wa biashara. Zilitangaza heshima ya mwenye nyumba pamoja na kuabudu. Ile ya ukuta wa jikoni haikuwa na mtu wa kumvutia.

Ndiyo maana akina Vettii wananigusa. Hawa walikuwa watu waliowahi kusimama upande wa jikoni katika nyumba ya mtu mwingine, mbele ya Genius wa bwana wao. Sasa Genius ni wa upande wao, amevaa toga yenye ukingo wa zambarau kama wakubwa wa mji, na wanaosimama mbele yake ni watumwa wao. Conviva alifika hadi kuwa Augustalis, yaani mmoja wa wahudumu wa ibada ya kumtukuza mfalme wa Roma, cheo kilichowafikia walioachwa huru. Madhabahu iliwaunganisha watu wa nyumba, na papo hapo ilimkumbusha kila mtu nani bwana.

Sikukuu ya Compitalia, mwishoni mwa mwaka au mwanzoni mwa unaofuata, ilionyesha pande hizo mbili kwa wakati mmoja. Familia zilitundika vitu vya sufu kwenye vijihekalu vya njia panda kwa ajili ya Lares. Kwa kila mtu huru ilitundikwa sanamu ndogo yenye umbo la mtu. Kwa kila mtumwa ilitundikwa tufe. Wote walihesabiwa, hakuna aliyesahauliwa. Ila mmoja alikuwa na umbo la mtu na mwingine hakuwa nalo.

Ibada hii ilidumu muda mrefu kuliko nyingi za hadharani, kwa sababu haikuhitaji kuhani wala jengo. Mwaka 392, miaka 313 baada ya Pompeii kufukiwa, mfalme Mkristo Theodosius alitoa sheria iliyoifuata hadi ndani ya nyumba. Ilikataza kumheshimu Lar kwa moto, Genius kwa divai na Penates kwa manukato, na ikaagiza kwamba mahali patakapothibitika kufukizwa ubani, kama ni mali ya mfukizaji, pachukuliwe na hazina ya serikali.