Swali la Molyneux: jicho jipya na maarifa ya mkono

Mtu amezaliwa kipofu. Amekua, sasa ni mtu mzima, na kwa mikono yake amejifunza kutofautisha maumbo mawili ya chuma cha aina moja, yenye ukubwa unaokaribiana: tufe na mchemraba. Ukimpa lolote kati ya hayo anakutajia bila kusita. Kisha anapata kuona. Maumbo yale yamewekwa mezani mbele yake na haruhusiwi kuyagusa. Je, kwa kuyatazama tu ataweza kusema lipi ni tufe na lipi ni mchemraba?

Ndipo ninapoanzia kufundisha nadharia ya maarifa, yaani swali la jinsi tunavyojua tunachokijua, kabla ya wanafalsafa Plato na Descartes. Wanafunzi wengi huja chuoni wakiamini kwamba kuona ndiko mwisho wa ubishi. Mtu akishasema "nimeona kwa macho yangu mwenyewe", nani tena atabishana naye? Swali hili linawalazimisha kutazama ndani ya huko kuona kwenyewe na kuuliza: humo ndani, lipi limeletwa na jicho, na lipi limejengwa na mazoea, fikra na maneno ya watu?

Aliyeliuliza ni William Molyneux wa Dublin, Ireland, aliyezaliwa mwaka 1656, msomi wa elimu ya mwanga na lenzi. Mkewe, Lucy, alipoteza uwezo wa kuona muda mfupi baada ya ndoa yao. Mwaka 1688 Molyneux alilipeleka swali lake kwa John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, hakujibiwa. Akaandika tena mwaka 1693, na safari hii Locke alilipenda kiasi cha kuliingiza katika toleo la pili la insha yake kubwa juu ya akili ya binadamu, lililotoka mwaka 1694. Wote wawili walijibu hapana. Hoja yao: mtu huyu anajua jinsi pembe ya mchemraba inavyouchoma mkono, lakini bado hajapata kujifunza kwamba kile kinachouchoma mkono hivi hulionekania jicho vile.

Darasani, pendekezo la kwanza huwa ni lilelile: "Mwalimu, tumfunge mtu kitambaa machoni, tumpe vitu, halafu tumfungue." Mimi huwaacha wafanye. Mmoja anafungwa leso, anapewa kitu asichowahi kukishika, kisha anafunguliwa na kukichagua mara moja kati ya vitu vitatu. Wanashangilia. Haipiti muda mrefu kabla mmoja wao hajagundua tatizo: huyu aliyefungwa leso ana miaka ishirini ya kuona na kugusa kwa pamoja. Tangu utotoni kila alichokishika alikiona, na kila alichokiona alikinyooshea mkono. Tulichokipima ni mazoea ambayo mtu wa Molyneux hana, na leso haiwezi kuyafuta. Napenda sana hatua hii, kwa sababu wanafunzi wanagundua wenyewe tofauti kati ya jaribio linalojibu swali na jaribio linalofanana tu na swali.

Baada ya hapo darasa hugawanyika, na kwa mshangao wangu wa kila mara, linagawanyika palepale walipogawanyika wanafalsafa wakubwa. Daima kuna mwenye jibu la Leibniz hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika majibu yake kwa Locke mnamo mwaka 1704, ingawa yalichapishwa mwaka 1765, yeye akiwa amekwisha kufa zamani. Alisema ndiyo, kwa sharti moja: mtu huyo aambiwe kwamba vitu viwili anavyoviona ni vile vile alivyozoea kuvishika. Akishajua hilo, anaweza kupiga hesabu. Tufe halina mahali palipo tofauti na pengine, na mchemraba una pembe nane. Jicho linaona umbo moja lina ncha na jingine halina. Akili inamalizia kazi.

Sasa angalia sharti hilo dogo lilivyobadilisha swali zima. Locke anauliza kama mtu atatambua papo kwa papo. Leibniz anauliza kama anaweza kufikia jibu kwa kufikiri. Ni maswali mawili, na mtu anaweza kukubali hapana kwa la kwanza na ndiyo kwa la pili bila kujipinga. Ubishi mwingi wa darasani, na wa nje ya darasa, huanzia hapo: watu wawili wanajibu maswali mawili tofauti wakidhani ni moja.

George Berkeley, mwanafalsafa wa Ireland, mwaka 1709 alikwenda mbali kuliko wote. Kwake, kinachoonekana na kinachogusika havina undugu wowote wa asili. Tunavyoviona ni ishara za vile tutakavyovigusa, kama sauti ya neno inavyokuwa ishara ya kitu isichofanana nacho hata kidogo. Kwa hiyo kuona ni lugha, na jicho jipya ni mgeni aliyeshuka bandarini katika nchi ambayo haelewi neno. Sikubaliani na Berkeley kwamba hakuna undugu wowote, lakini sijapata hoja nyingine inayowaamsha wanafunzi wa lugha na fasihi kama hii.

Mwaka 1728 falsafa ilikutana na hospitali. Daktari mpasuaji wa London, William Cheselden, alichapisha habari za mvulana wa miaka 13 hivi aliyekuwa haoni tangu utotoni, na ambaye alimfanyia upasuaji wa mtoto wa jicho, ule ukungu unaoziba mboni. Mvulana alipoanza kuona, alidhani kila kitu kinagusa macho yake. Hakuweza kutambua umbo la kitu chochote. Alikuwa akisahau yupi ni paka na yupi ni mbwa, akaona aibu kuuliza tena; basi siku moja akamkamata paka, ambaye mikono yake ilimjua vizuri, akamkazia macho, akamwachia, akasema sasa atamjua siku nyingine. Picha za kuchora zilimshinda zaidi. Ilipita miezi miwili hivi kabla hajatambua kwamba zinaonyesha vitu vyenye unene, na alipozigusa akakuta ni bapa, aliuliza ni hisi ipi inayodanganya, kugusa au kuona.

Swali hilo la mtoto naliandika ubaoni kila mwaka na kuliacha hapo kipindi chote. Sisi wenye macho tumezoea kuamua kesi hii kwa upendeleo: macho yakishuhudia, hisi nyingine zinanyamaza. Yeye alikuwa na shahidi wa zamani aliyemwamini, mkono, na shahidi mgeni, jicho, na hakuwa na sababu ya kumwamini mgeni.

Habari za Cheselden hazikumaliza ubishi. Wapinzani walisema, kwa haki, kwamba jicho lililotoka kupasuliwa lina maumivu na halioni sawasawa. Kushindwa kwake kunatuambia nini juu ya akili? Ilibidi kusubiri karibu karne tatu kupata jaribio zuri zaidi. Pawan Sinha, profesa wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, alianzisha mradi uitwao Prakash unaowatafuta watoto wasioona nchini India, wengi wao wenye mtoto wa jicho wa kuzaliwa, na kuwapatia upasuaji. Mwaka 2011 yeye na wenzake, Richard Held akiwa wa kwanza katika orodha ya waandishi, walichapisha matokeo ya watoto watano wa umri wa miaka 8 hadi 17, waliopimwa ndani ya saa 48 baada ya jicho kufanyiwa upasuaji. Walitumia vipande vya kuchezea vinavyofanana na matofali madogo, vikubwa vya kutosha kuonekana vizuri. Mtoto anashika kipande, kisha anaonyeshwa viwili, achague kile alichokishika.

Uzuri wa jaribio upo kwenye vipimo vya ulinganisho. Watoto waliposhika kipande kisha wakachagua kwa kushika, walipata asilimia 98. Walipoona kipande kisha wakachagua kwa kuona, walipata asilimia 92. Kwa hiyo macho yao yalikuwa yanatenganisha maumbo bila shida kubwa, na pingamizi la zamani likapungua nguvu. Lakini waliposhika kisha wakatakiwa kuchagua kwa kuona, walipata asilimia 58, wakati kubahatisha tu kungewapa 50. Hapana ya Locke ilionekana kushinda. Na bado, wale waliopimwa tena siku chache baadaye walikuwa wamepanda kupita asilimia 80, bila kufundishwa chochote. Ujuzi ambao siku ya kwanza haukuwapo, ndani ya wiki umeshajijenga. Mazoea ya miaka mingi hayajengeki kwa kasi hiyo, na sidhani Locke angeitarajia.

Huwa naomba wanafunzi waishambulie kazi hii, na wanaishambulia vizuri. Msichana mmoja aliuliza kwa nini watoto hawakuruhusiwa kuvizunguka vipande vile, au vipande kuzungushwa mbele yao, maana mkono haujui umbo kwa kutulia, unalijua kwa kutembea juu yake. Ni karibu hoja ileile aliyoitoa mwanafalsafa John Schwenkler baada ya makala ile kutoka: huenda watoto walilinganisha picha mbili bapa bila kuona bado umbo lenye unene. Kisha kuna vifaranga. Mwaka 2024 Elisabetta Versace na wenzake walitoa matokeo ya vifaranga walioanguliwa na kuwekwa gizani pamoja na vitu laini au vyenye vinundu. Walipoona mwanga kwa mara ya kwanza, uchaguzi wao ulionyesha kwamba walivitambua kwa macho vile walivyovigusa. Kama kifaranga anaweza, basi undugu kati ya kuona na kugusa haupatikani kwa mazoea peke yake. Mimi naegemea upande huo: mlango upo tangu kuzaliwa, ila kwa binadamu aliyekaa gizani miaka mingi unahitaji siku chache kufunguka. Lakini si wanafunzi wangu wote wanaokubali, na wana sababu zao.

Aliyebadilisha kabisa namna ninavyofundisha jambo hili ni mwanafunzi asiyeona tangu kuzaliwa. Alisikiliza mjadala hadi mwisho, kisha akasema: "Mnaongea kana kwamba mimi nina nusu ya umbo. Umbo ninalo lote. Nisichokuwa nacho ni rangi." Kwa sentensi hizo alitufikisha kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyetofautisha vile ambavyo hisi moja tu inavipata, kama rangi na sauti, na vile ambavyo hisi kadhaa zinashirikiana kuvipata: umbo, ukubwa, mwendo, idadi. Swali la Molyneux linahusu kundi la pili tu. Hakuna anayeuliza kama kipofu aliyepata kuona atatambua wekundu kwa kukumbuka alivyowahi kuushika.

Na hapo ndipo lugha inapoingia kwa nguvu, kwa sababu asiyeona ana neno "nyekundu" na analitumia vizuri. Amelipata wapi? Locke na waliomfuata walidhani kwake ni sauti tupu. Uchunguzi wa karibuni unapinga. Barbara Landau na Lila Gleitman walimchunguza kwa miaka kadhaa mtoto asiyeona nchini Marekani, na mwaka 1985 wakachapisha waliyoyakuta. Watoto wenye macho waliofungwa vitambaa, wakiambiwa watazame juu, waliinua nyuso. Yule asiyeona aliinua mikono. Kwake kutazama ni kuchunguza kwa mikono, na alikutofautisha na kugusa tu: akiambiwa aguse bila kutazama, alikigusa kitu kidogo na kuacha.

Marina Bedny na wenzake katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakaendelea na watu wazima. Waliwauliza wasioona tangu kuzaliwa na wenye macho walinganishe vitenzi vya kuona na vya mwanga, vitenzi vya Kiingereza vya jamii ya kuchungulia, kukodolea macho, kumeremeta na kumulika. Majibu ya makundi mawili yalikaribiana mno. Asiyeona anajua kwamba kuchungulia ni kwa haraka na kwa siri, na kukodoa ni kwa muda mrefu na bila aibu. Anajua kwa sababu ameishi na watu wanaozungumza.

Ninapofika hapa nawaomba wanafunzi wenye macho wahesabu ni mangapi wanayoyajua kwa njia hiyohiyo: moyo una vyumba vinne, dunia inalizunguka jua, babu wa babu yao alitoka wapi. Mengi wameyapokea kwa maneno, kama mwenzao alivyoupokea wekundu, na hawayaiti sauti tupu.

Wanafunzi huuliza pia kama yapo ya kufanya nje ya darasa. Yapo, na nayasema wazi. Mtoto wa jicho huwapata watoto wachanga hapa kwetu pia, na upasuaji wake hufanyika Tanzania, katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi. Ubongo una muda wake wa kujifunza kuona. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa paka wadogo kwamba jicho lililofungwa mapema hupoteza nafasi yake katika ubongo. Mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, apelekwe hospitali haraka, asisubiriwe akue.

Mwaka huu swali la insha litatoka kwa mwanafunzi yule yule. Aligeuza meza: mtu aliyeona tangu kuzaliwa lakini hajawahi kuhisi chochote kwa mikono wala ngozi, akipata hisi ya kugusa leo, akafumbwa macho na kupewa tufe na mchemraba, ataweza kuvitaja? Wengi hujibu ndiyo haraka sana. Nimewapa kurasa nne waeleze kwa nini wanaliamini jicho kuliko walivyouamini mkono.