Presha haipigi hodi: maswali kutoka benchi la kliniki, Kigoma

Wiki ya mbalamwezi kliniki ya presha hapa Kigoma hujaa wanaume. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukishakuwa mpevu boti hulala ufukweni, basi wenyewe wanapata nafasi ya kuja kupima. Siku nyingine benchi ni la akina mama na wazee. Mimi nakaa upande wa pili wa meza, mkanda wa mashine mkononi, na maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa.

Nesi, presha ndiyo nini hasa? Damu imezidi?

Hapana, damu haijazidi. Aliyewahi kuwasha karabai atanielewa upesi. Mafuta kwenye tangi ni yale yale, kinachobadilika ni pampu. Ukipiga pampu kupita kiasi, kila kiungo cha taa kinabeba mzigo. Moyo ndio pampu, na presha ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. Mishipa ikikakamaa au ikiwa myembamba, nguvu hiyo inapanda.

Namba ni mbili. Ya juu ni pale moyo unapojikamua kusukuma damu, ya chini ni pale unapotulia kati ya pigo na pigo. Chini ya 120 kwa 80 ni nzuri. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya kupanda. Yatosha moja kati ya hizo mbili kuvuka: 158 kwa 82 ni presha, usijifariji na ile ya chini. Aliye kati ya 120 na 139 yuko mlangoni, tunamwomba apunguze chumvi na arudi.

Mbona mimi kichwa hakiniumi? Nitajuaje kama ninayo?

Kwa kujisikia tu, hutajua. Hili ndilo ninalolirudia mpaka sauti inakauka. Watu wengi wenye presha hawaumwi kichwa, hawasikii kizunguzungu, wanalima, wanavua, wanacheza ngoma. Na wengi wanaoumwa kichwa hapa wana malaria, njaa, jua, au usiku mzima wamevuta moshi wa kuni. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajijui. Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta mtu mzima mmoja kati ya wanne hivi presha yake iko juu.

Kuna bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi presha yangu naijua, ikipanda masikio yananililia." Siku hiyo masikio yalikuwa kimya, na mashine ikasoma 190 kwa 110.

Imenitokea wapi? Kwetu hakuna mwenye presha. Au nimetupiwa?

Mambo ya nani kakutupia nini siwezi kubishana nayo, maana sina mashine ya kuyapima. Ninayoweza kuyasema ni haya. Kwa watu wengi, zaidi ya tisa katika kumi, hakuna sababu moja. Ni mkusanyiko: damu ya ukoo, umri, chumvi nyingi, uzito, pombe, kukaa bila kuushughulisha mwili. Na huyo anayesema kwao hakuna, nikimuuliza babu alikufaje, ananijibu, "Alianguka tu shambani, mdomo ukapinda." Basi ilikuwepo, ila haikupimwa.

Wachache waliobaki wana chanzo kinachoonekana: figo, tezi ya shingo, au tezi ndogo zilizo juu ya figo. Tunakishuku zaidi mtu akiwa kijana, au akitumia dawa tatu na namba hazishuki.

Zipo pia dawa zinazopandisha. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mtu mwenye mgongo anazinunua duka la dawa kila wiki kama pipi. Prednisoloni. Baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Ukija kliniki, njoo na kila unachokimeza, hata kile alichokupa jirani.

Si ni mawazo tu? Mume wangu ananipa presha.

Hapo Kiswahili cha mtaani kimetuponza. "Usinipe presha," "ana presha ya mtihani," mpaka watu wameamini presha ni hasira. Hasira na hofu huipandisha kwa muda, ikipita inashuka. Mawazo ya muda mrefu yana ubaya wake, hasa yakimfanya mtu anywe, avute, asilale. Lakini nimewapima watu wapole kama maji ya mtungi, wakawa na 170. Mume aliyetulia hatakushushia 170.

Chumvi yetu ya Uvinza ni ya asili. Hiyo nayo ina madhara?

Swali hili lina fahari ndani yake, na fahari yenyewe ni ya haki. Pale Uvinza, kwenye Mto Ruchugi, watu wamepika chumvi kutoka chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Lakini mwili hauulizi chumvi imetoka wapi. Ya Uvinza, ya bahari, ya mawe, ya dukani, yote ni chumvi. Huvuta maji yabaki mwilini na kuibana mishipa. Tofauti ya maana kwako ni kama imeongezwa madini joto, na hiyo ni kwa ajili ya goita na akili za watoto, haihusu presha.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa, chumvi yote pamoja: ya mboga, ya mkate, ya samaki aliyetiwa chumvi, ya vile viungo vya mchuzi vya kipande kimoja kimoja. Akina mama hunicheka: "Nani anapima?" Basi nawapa hesabu nyingine. Pakiti ya nusu kilo, nyumba ya watu wazima watano, isiishe kabla ya siku 20. Mama mmoja wa Ujiji alihesabu vidole kimya kimya, kisha akasema, "Yangu inaisha wiki." Hakuwa na la kuniuliza tena.

Pa kuanzia ni mezani. Ondoa kile kikopo. Mgebuka wa kukaanga ukamulie ndimu, utaona hauhitaji chumvi ya pili. Dagaa waliotiwa chumvi uwaloweke, umwage maji, ndipo upike. Ulimi unalalamika wiki kadhaa halafu unazoea.

Upande wa pili, maharage, ndizi, matembele na mchicha vina potasiamu, ambayo huisaidia mishipa kulegea. Ila mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, kwake potasiamu inaweza kuwa hatari.

Na mawese?

Hayapandishi presha moja kwa moja. Yana vitamini A nyingi yakiwa mekundu, lakini karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, yanayopandisha lehemu, yaani kolesteroli, kwenye damu. Pika nayo, usiogeleshe chakula.

Ikiachwa, inaharibu nini?

Inaharibu polepole mahali penye mishipa midogo, na moyo wenyewe. Misuli ya moyo unaosukuma kwa nguvu kila siku inanenepa, baadaye inachoka. Huyo utamwona anapanda kilima kidogo anahema, miguu inavimba, usiku anarundika mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Macho hupoteza uoni bila maumivu. Figo ndizo zinazonihuzunisha zaidi, maana hazilalamiki mpaka zimekwisha kuharibika, na kusafishwa damu kwa mashine mara kadhaa kwa wiki si jambo la kumwombea mtu. Kwa wanaume kuna lingine ambalo hawaliulizi kwenye benchi, wanalisubiri mlangoni wakati wa kuondoka: ndiyo, nguvu za kiume zinapungua, kwa sababu huko nako ni kazi ya mishipa. Wengine wakasingizia dawa, na wakati mwingine ni kweli dawa inachangia, lakini presha yenyewe mara nyingi ilishafika kabla.

Kisha kiharusi. Uso umepinda upande mmoja, mkono haunyanyuki, maneno yanatoka kama ya mlevi. Usimpe maji wala chakula, anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini: kiharusi kipo cha mshipa kuziba na kipo cha mshipa kupasuka, kwa macho huwezi kuvitofautisha, na aspirini kwenye cha kupasuka inaongeza balaa. Usimpe vidonge vya presha vya bibi ili "ishuke haraka". Tazama saa, kumbuka dakika aliyoanza, mpeleke hospitali. Saa chache za mwanzo ndizo zenye thamani, na nyingi huishia kwenye kumtafuta mtu wa kumtoa pepo.

Mke wangu ni mjamzito, uso umevimba. Ni kawaida?

Miguu kuvimba kidogo jioni, mara nyingi ni kawaida. Uso kuvimba ghafla, kichwa kuuma sana, kuona nyotanyota, maumivu chini ya chembe ya moyo: mpeleke leo, hata kama kliniki yake ni Alhamisi. Presha inayoanza baada ya wiki 20 za mimba, ikiambatana na protini kwenye mkojo, inaweza kuleta kifafa cha mimba. Ipo sindano ya kukizuia, magnesiamu salfeti, ila afike. Na mwanamke mwenye presha anayetaka kushika mimba aseme mapema, kwa sababu dawa za presha kama losatani na zile zinazoishia na "prili" zinamdhuru mtoto tumboni. Zipo nyingine za kubadilisha.

Wiki jana mmenipima 160, leo 136. Mashine zenu zinadanganya?

Wakati mwingine anayedanganya ni mpimaji. Nikiwa mgeni kazini nilimpima baba mmoja aliyepanda moja kwa moja kutoka mwalo wa Kibirizi, ameshusha gunia la dagaa mgongoni dakika ile ile. Alikuwa na koti, nikafunga mkanda juu ya koti. Mkono unaning'inia, mguu mmoja juu ya mwingine, na tunaongea bei ya dagaa. 168 kwa 98. Nikaiandika kwenye kadi kwa wino mwekundu, akatoka ameshika kifua. Muuguzi mkubwa akamrudisha, akamkalisha, akamnyamazisha, akampima upya: 134 kwa 84. Kisha akaninyamazisha na mimi.

Kupima vizuri kunataka dakika kumi. Nusu saa kabla usivute, usinywe kahawa, usibebe mzigo. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kilichojaa kinapandisha namba. Kaa dakika tano mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipishane. Mkono mtupu, umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee. Pima, subiri dakika moja au mbili, pima tena. Na mkanda uwe saizi ya mkono wako. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli, na hapa wavuvi wenye mikono ya kuvuta nyavu wanaonewa sana.

Wapo wanaopanda wakituona tu na sare zetu, na wapo waliojificha: kliniki iko sawa, nyumbani iko juu. Ndiyo maana namba moja si hukumu, isipokuwa ni 180 kwa 120 na una maumivu ya kifua, pumzi inabana, au macho na maneno yamevurugika. Hiyo ni ya hospitali sasa hivi.

Ukishaanza dawa, njoo kila mwezi mpaka namba zitulie, halafu kila miezi mitatu hadi sita. Angalau mara moja kwa mwaka tupime mkojo, figo na sukari.

Imeshuka. Dawa naacha lini?

Boti imetulia kwa sababu ya nanga. Ukiing'oa kwa kuwa boti imetulia, utaikuta ng'ambo. Wapo wanaopunguziwa dozi, waliopungua uzito na kuacha chumvi kweli kweli, lakini hilo tulifanye pamoja. Ikikuletea tabu, sema: amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, enalaprili inaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Tunabadilisha.

Wavuvi huniuliza saa ya kumeza, maana usiku wako ziwani. Uingereza walilipima hilo kwa watu zaidi ya 21,000, matokeo yakatoka mwaka 2022: asubuhi au jioni, hakukuwa na tofauti katika kuzuia kiharusi na mshtuko wa moyo. Shika saa usiyoisahau. Kidonge cha kukojoza tu ndicho usikimeze ukiwa unaingia botini.

Kitunguu saumu je?

Kula. Dawa usiache.

Mwanangu yuko Dar, anataka kuninunulia mashine. Aninunulie ipi?

Ya mkanda wa juu ya kiwiko, si ile ya kifundo cha mkono. Ikifika njoo nayo, tuifunge sambamba na yetu tuone kama zinaelewana. Nyumbani mpaka wetu unashuka kidogo, ni 135 kwa 85. Wiki moja kabla ya kuja kliniki, pima asubuhi mara mbili na jioni mara mbili, andika tarehe, saa na namba zote. Siku ya kwanza tutaiacha, zilizobaki tutatafuta wastani.

Na uandike zote, hata zilizokukera. Nimeshaletewa daftari lenye 120 kwa 80 mwezi mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, wino bado unang'aa. Nikafunga mkanda kwenye mkono wa mwenye daftari. 172.