Kunyoosha kichwa cha milingi: maana yake nini?

Ukisema hapa Ujiji kwamba una mashine ya kusaga nyumbani, jirani atakuletea debe la mahindi. Ninayoizungumzia mimi inakula chuma: milingi, ambayo kisu huzunguka juu, kazi, yaani kile chuma kinachochongwa, ikafungwa kwenye meza inayosogea chini yake. Kisu kimeshikwa na spindo, yaani mhimili unaokizungusha, na spindo imo ndani ya kichwa. Kunyoosha kichwa ni kukiweka mpaka spindo isimame nyuzi 90 kamili juu ya meza, kulia na kushoto, mbele na nyuma.

Ni juu ya meza, si juu ya ardhi, kwa hiyo pimamaji haina kazi hapa. Hata zile alama za digrii zilizochorwa kichwani usizitegemee. Sifuri yake ni ya kukadiria.

Nilijifunza hili kwa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ya boti iliyotoka mwalo wa Kibirizi. Ilikuwa imepinda kwa joto. Nikaipitishia kisu chenye upana wa milimita 120, mara moja tu, ikang'aa kama sufuria mpya. Siku tatu baadaye mwenyewe huyo karudi: "Fundi, maji yanatoka palepale." Nikalaza rula ya chuma kukatiza ule uso, nikainua vyote juani, mwanga ukapita katikati. Kichwa kilikuwa kimelala kidogo kulia. Ukingo mmoja wa kisu ulizama kuliko mwingine, na kwa kuwa meza ilisogea upande huohuo, kikachimba mfereji mpana usioonekana kwa macho. Nilipopima nikakuta tofauti ya 0.3 mm kati ya kushoto na kulia, kwenye duara lenye upana wa 200 mm, ambayo kwa kisu kile ni bonde la 0.09 mm. Unywele tu, lakini gasketi haikuliziba. Kingelala mbele au nyuma, ningepata ngazi kila ninapopitisha kisu mstari mwingine.

Kupima ni hivi. Chomoa umeme. Funga saa ya kupimia, kifaa chenye ncha na mshale unaoonyesha sehemu ndogo za milimita, kwenye spindo kwa mkono mrefu, ncha iguse meza, kisha zungusha spindo taratibu kwa mkono. Meza ina mifereji ya boliti inayonasa ncha, kwa hiyo mimi hutandika diski ya breki ya gari iliyosawazishwa pande zote mbili. Soma kushoto, soma kulia. Zikitofautiana, legeza boliti za kichwa kidogo tu, ukigonge kwa nyundo ya plastiki mpaka mshale ufike nusu ya tofauti. Nusu, si yote, maana upande mmoja ukishuka mwingine unapanda. Kaza, kisha pima tena: kule kukaza kwenyewe hukivuta kichwa, na hapo ndipo uvumilivu huisha. Kwa karakana ya nyumbani, 0.02 mm kwenye 200 mm inatosha.

Mbele na nyuma, milingi nyingi ndogo hazina boliti ya kurekebisha. Huwekwa vipande vya bati chini ya nguzo inayobeba kichwa. Bati la kopo la soda lina unene wa kama 0.1 mm, boliti za nguzo zikiachana 200 mm, kipande kimoja huondoa tofauti ya 0.1 mm kwenye duara la 200 mm.

Siku hizi kisu kikinasa kwenye kazi, hata kidogo, napima upya kabla ya kuendelea, maana huenda kichwa kimesogea. Ile hedi niliirudia bila kulipisha.