Pampu ya mkono ya kutoa kemikali kwenye pipa: yasemwayo na yaliyo kweli

Si ajabu kuingia duka la vifaa mjini Tanga, ukaulizia pampu ya mkono ya kutoa kemikali kwenye pipa la lita 200, ukapewa ileile wanayouziwa watu wa dizeli. Ni ya kuzungusha, nzito mkononi, na bomba lake linaingia sawasawa kwenye tundu la inchi 2. Kwa dizeli haina kasoro. Kwa kostiki (sodiamu haidroksaidi) ya mtengeneza sabuni, klorini ya bwawa la kuogelea kule Raskazone au asidi ya fundi betri, bodi nzito haikuhakikishii kitu. Kinachotakiwa kujulikana ni kila kipande kinacholowa: bodi, bomba, mpira wa kuziba, valvu na springi. Pampu huuawa na kipande chake kilicho dhaifu kuliko vyote, na kwa kawaida hicho ndicho usichokiona ukiwa dukani.

Dhana: Stenlesi haishindwi na kitu.

Inashindwa, tena na kemikali za kila siku. Stenlesi ya daraja la 316 huvumilia vizuri kostiki isiyo ya moto, na hata asidi ya nitriki. Lakini asidi ya haidrokloriki, ile inayotiwa kwenye mabwawa kushusha pH, huila hata iwe imezimuliwa. Klorini ya maji, yaani haipokloraiti ya sodiamu, huichimba vitundu vidogo vidogo vinavyoingia ndani huku uso ukibaki unang'aa. Madhara yanarudi pia upande wa pili: chuma, shaba na nikeli huharakisha kuvunjika kwa klorini hiyo na kutoa oksijeni, kwa hiyo pampu inaliwa na dawa inapungua makali. Ukiacha pampu imejaa na mdomo umefungwa, gesi hiyo hujenga shinikizo ndani, na joto la Tanga linaizidishia kasi.

Kwa haidrokloriki chukua plastiki ya polipropilini. Kwa klorini chukua plastiki ya PVC au PVDF. Kisha uliza kuhusu springi, maana pampu nyingi za plastiki zimeficha springi ya stenlesi ndani ya valvu. Jibu zuri ni mojawapo kati ya haya: springi iko nje ya njia ya kimiminika, au ni ya Hastelloy C (aloi isiyoliwa kirahisi na kemikali), au valvu haina springi kabisa bali ina gololi ya kauri au ya Teflon inayojishukia kwa uzito wake. Muuzaji asipojua, muombe aifungue. Akikataa, hamia duka jingine.

Dhana: Maadamu pipa ni la plastiki, pampu yoyote ya plastiki itafaa.

Pipa limekaa tuli. Pampu inasuguana, inakunjwa na kukazwa kwa hesi, na plastiki iliyodhoofika hupasukia hapo. Nitriki kali huifanya polipropilini iwe kavu na ya kuvunjika. Asidi ya salfuriki ya asilimia 98 nayo inaidhoofisha, na kwa hiyo unahitaji PVDF au Teflon. Nailoni haifai kabisa kwenye asidi kali. Toluini na thina huvimbisha polipropilini hadi mpini ukwame.

Kwa vimiminika vinavyowaka, plastiki ina hatari nyingine: mtiririko hujenga umeme tuli usio na pa kwenda. Hapo tumia pampu ya chuma, funga waya kati ya pipa na chombo unachojaza, kisha waya mwingine hadi ardhini. Kibanio cha waya kiguse chuma tupu. Kikikaa juu ya rangi hakipitishi kitu.

Dhana: Asidi ikizimuliwa, pampu ya chuma inaimudu.

Kwa salfuriki ni kinyume. Ile ya asilimia 98 huweza kuhifadhiwa kwenye chuma cha kawaida, kwa sababu hujitengenezea utando wa salfeti unaokinga chuma. Ile ya betri, yenye takriban asilimia 37, haiachi utando huo ukae. Inakila chuma haraka. Katika mji wa pwani jambo hili lina uzito wake, kwani salfuriki kali hufyonza unyevu wa hewa. Mabaki membamba yaliyosalia ndani ya pampu jioni yanajizimua yenyewe usiku, na ulaji unaanza pampu ikiwa imetundikwa ukutani.

Dhana: Mpira ni mpira.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mipira yote ya kuziba ni myeusi na inafanana. Mpira wa Viton hustahimili asidi nyingi, klorini na mafuta, lakini kostiki kali huiharibu na asetoni huivimbisha. Mpira wa EPDM ni kinyume chake: nzuri kwa kostiki na asetoni, mbaya kwa dizeli na mafuta ya aina yoyote. Mpira wa NBR, uliomo kwenye pampu nyingi za dizeli, haufai kwa asidi kali wala asetoni. Maneno "inastahimili kemikali" kwenye boksi hayakuambii ni ipi kati ya hizo.

Jaribio lake ni rahisi. Nunua oringi (pete za mpira za kuziba) mbili za aina moja. Pima unene kwa kalipa. Moja itumbukize kwa siku 7 kwenye kikopo chenye kemikali yako na kisicholiwa nayo, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Ioshe, ipime, ilinganishe na mwenzake. Ikivimba, ikinata, au ikionyesha nyufa ukiikunja, usiinunue pampu hiyo.

Na kama tumezungumzia kostiki: bodi ya chuma cha kusubu huivumilia, ila vipande vya alumini au zinki vilivyomo ndani huyeyuka vikitoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Ndiyo maana pampu ya dizeli inaweza kuonekana nzima wiki ya kwanza.

Dhana: Ikiwa ngumu, ongeza nguvu.

Fungua kwanza kizibo kidogo cha pipa, cha inchi ¾. Bila hewa kuingia, pipa linafyonzwa ndani na mpini unagoma. Kumbuka pia kwamba lita moja ya salfuriki kali ina uzito wa kilo 1.84, kwa hiyo mwendo wa polepole ni wa kawaida.

Dhana: Ukisuuza vizuri, pampu moja inatosha.

Mabaki ya haidrokloriki yakikutana na klorini ya maji hutoa gesi ya klorini papo hapo, kwenye uso wa anayepampu. Kila kemikali iwe na pampu yake, yenye rangi yake na jina lililoandikwa kwenye mpini. Hilo ndilo sharti la kwanza kwa hoteli yenye bwawa.

Kusuuza kwenyewe kuna utaratibu. Kostiki ikikauka huacha ukoko mgumu unaokwangua mpira, kwa hiyo pampisha lita 10 hadi 20 za maji safi mara tu kazi inapoisha. Kwa salfuriki kali, mwaga kwanza kila tone, kisha mimina maji mengi kwa pamoja. Maji kidogo juu ya asidi nyingi huchemka na kuruka. Vaa miwani iliyoziba pembeni, glovu ndefu na aproni, na bomba la maji liwe karibu: jicho lililorukiwa lioshwe dakika 15 bila kukatiza. Chokaa ya Pongwe husaidia kwenye asidi iliyomwagika, ikinyunyizwa kidogo kidogo kwa sababu hutoa joto.

Kabla ya kulipa, hakikisha hesi ya pampu inalingana na ya pipa, kwani mapipa mengi ya plastiki yana hesi pana kuliko ya chuma na huhitaji adapta. Bomba likatwe mshazari, lifike takriban sentimita 2 juu ya sakafu ya pipa. Na seti ya mipira ya akiba inunuliwe siku hiyohiyo, kwa jina la malighafi yake.