Kufuma mataulo ya jikoni: kwa nini pamba mpya hukataa maji

Taulo la jikoni lina kazi moja kubwa, kunywa maji, na mengi yanayouzwa madukani hayanywi. Unafuta sahani, maji yanahama kutoka upande huu kwenda ule, na sahani inaingia kabatini ikiwa bado na unyevu. Mimi nafuma mataulo nyumbani kwenye kitanda cha mfumi chenye fremu nne za kuinua nyuzi, na swali ninaloulizwa kuliko yote si la rangi wala mistari. Watu wanataka kujua mbona haya yanakausha. Jibu linaanzia kwenye uzi na kuishia kwenye sufuria ya maji ya moto. Kitanda chenyewe kina mchango mdogo kuliko wengi wanavyodhani.

Uzi ninaoutumia huandikwa 8/2. Ile 8 inaonyesha wembamba wa uzi, na 2 maana yake nyuzi mbili zimesokotwa pamoja. Kilo moja ina karibu mita 6,770. Uzi huu unastahimili kuvutwa na kusuguliwa. Uzi usiosokotwa na mwenzake, kama ule wa viwandani wa kufumia fulana, hutoa manyoya na kukatika ukiuweka kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu zinazokazwa kitandani, ingawa kwenye mshindio, uzi unaopita kwa upana, ni mzuri sana kwa sababu haujabanwa. Kuna pia pamba inayong'aa, iliyopitishwa kwenye kostiki kwa mbinu iliyovumbuliwa na Mwingereza John Mercer katika miaka ya 1840. Hiyo naiweka kwa vitambaa vya meza. Kwenye taulo nataka uzi wenye vinyweleo, kwa kuwa vinyweleo ndivyo vinavyogusa maji kwanza.

Baada ya uzi, nafasi. Zungusha uzi kwenye rula, mizunguko igusane bila kubanana, kisha hesabu iliyoingia kwenye sentimita 1. Uzi wa 8/2 hutoa kama 16. Chukua nusu yake, 8, kwa ufumaji wa moja juu moja chini, maana kila uzi wa mtande unahitaji pengo la mshindio kupita. Kwa ufumaji wa mshazari, wenye mistari iliyolala kwa pembe, chukua theluthi mbili. Ukisongamanisha zaidi ya hapo, kitambaa kinakakamaa na maji hayapati pa kuingia. Ukilegeza, nyuzi zinahama kikifuliwa.

Tuseme unataka mataulo 4, kila moja sentimita 45 kwa 65 likishafuliwa. Mimi nakadiria kupoteza asilimia 13 kila upande, kusinyaa pamoja na uzi kujipinda. Kwa hiyo upana kwenye kitana, lile chanuo linalopanga nyuzi na kusukuma mshindio, ni sentimita 52, sawa na nyuzi 416. Urefu ni 65 na 5 za pindo, jumla 70. Ukifidia kusinyaa unapata 80 kwa kila taulo, 320 kwa yote. Ongeza sentimita 70 za mwanzo na mwisho zinazofungwa kwenye rola na hazifumiki, kisha tanda mita 4. Mtande utakula gramu 250 hivi na mshindio kama 180. Chini ya nusu kilo ya pamba!

Kutanda ndiko kunakowashinda wengi, na ndiko ninakokupenda zaidi. Nyuzi zikishapita kwenye vitanzi vya fremu na kitana, nazifunga mafungu mafungu kwenye fimbo ya mbele, kuanzia katikati kwenda kingoni. Halafu nafumba macho na kupitisha kiganja juu ya mtande wote, taratibu, kushoto hadi kulia. Jicho hudanganyika, kiganja hakidanganyiki: fungu lililolegea linazama chini ya vidole, lililokazwa linasukuma juu. Nafungua, nafunga tena, mpaka kiganja kipite bila kukwama. Fungu moja likiachwa limelegea, litaonekana kama mkunjo kwenye mataulo yote manne.

Kufuma kwenyewe kuna mdundo wake: kanyaga, pitisha, vuta kitana. Mshindio uulaze kwa kuinamisha kidogo ndani ya mwanya ulio kati ya nyuzi za mtande kabla ya kuvuta kitana, la sivyo kingo zitaingia ndani na nyuzi za pembeni zitakatika. Usipige kwa nguvu. Mishindio 7 kwa sentimita inatosha. Sentimita chache za pindo nazifuma kwa uzi mwembamba zaidi, ili pindo likikunjwa mara mbili lisivimbe.

Ukizoea, jaribu mfumo wa vishimo unaofanana na sega la nyuki. Nyuzi ndefu zinazounda kuta za vishimo huacha nafasi kubwa ya kushika maji. Mfumo huo husinyaa zaidi sana, kwa hiyo hesabu ya juu haitafaa. Fuma kipande cha majaribio, kifue, ukipime.

Nakereka nikisikia ufumaji wa pamba ukiitwa jambo la kigeni kwetu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta Kilwa vigae vilivyotobolewa kwa ajili ya kusokotea nyuzi, na Wafipa wa Rukwa walifuma nguo za pamba yao wenyewe kabla ya nguo za viwandani kufurika. Leo pamba ya Kanda ya Ziwa kwa sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa marobota.

Sasa maji. Nyuzi za pamba kwenye tumba zimefunikwa na nta ya asili, na uzi ambao haujapaushwa bado unayo. Tone likiangukia kitambaa kilichotoka kitandani, linasimama juu yake, duara, linang'aa, linaweza kubingirika. Dawa ni kuchemsha. Nashona pindo kwanza ili lisinyae pamoja na kitambaa, kisha natia mataulo kwenye sufuria na sabuni na kijiko cha magadi soda, yachemke nusu saa. Maji yanageuka manjano, mara nyingine kahawia. Hiyo ni nta na uchafu wa pamba ukitoka. Nasuuza mpaka maji yawe meupe, naanika. Rudia lile jaribio la tone: safari hii linazama papo hapo.

Mataulo ya rangi usiyachemshe kabla ya kujaribu kipande cha uzi wake. Na dawa za kulainisha nguo zikae mbali nayo kabisa, kwa sababu huacha utando juu ya nyuzi, na taulo linarudi kusukuma maji huku na huku. Likianza kuwa zito kwa mafuta ya jikoni, lirudishe kwenye sufuria ya magadi.